Soksi Iliyojaa Fedha

Jumatatu, 9 Septemba

Wiki tatu za ndoa leo. Nimeamka nikamkuta Maribeth bado amelala, nywele zimemfunika sikio moja, nikajiuliza mimi Orrin Tuttle, muuza viatu, nilimfanyia Mungu jambo gani hata akanipa zawadi hii. Sijapata jibu. Nilikaa nikilitafuta mpaka nikachelewa kazini.

Jioni tulikula kwa baba mkwe, mzee Everett Stahl. Gereji ni yake, chumba kilicho juu ya gereji ndicho chetu. Nyama ya kusaga ya kuoka, viazi vya kupondwa, maharage mabichi. Hapo ndipo nilipopigwa butwaa. Mzee alitaka chumvi inifikie. Akamwambia mama mkwe ampe chumvi "yule wa Maribeth".

Yule! Wiki tatu nakula mezani kwake, na jina langu halijawahi kupita kinywani mwake. Mwanyumba wangu Duane, aliyemwoa dada yake Maribeth, anaitwa "mwanangu" hata anapoomba siagi.

Maribeth akanieleza tukiosha vyombo. Kwa baba yake, mwanamume hahesabiki kuwa wa nyumba hii mpaka afukue kwa mkono wake sarafu moja ya kale katika bustani ya mji. Sarafu ya fedha halisi, madini yenyewe, si hizi nyepesi za siku hizi. Mzee ni mwenyekiti wa klabu ya watafuta sarafu. Mashine yake ya kutafutia hulala chumbani, upande wake wa kitanda. Mama mkwe alishakata tamaa. Duane alipata nusu dola ya mwaka 1917 kabla hata hajavishwa pete, nayo iko kwenye fremu sebuleni, mahali ambapo picha yetu ya harusi ingependeza sana.

Nikarudi mezani nikamkabili mzee. Alinijibu huku anatafuna. Jumamosi ni uwindaji wa sarafu wa kila mwaka wa klabu, pale bustanini, saa nne asubuhi. Kabla ya filimbi ya kuanza yeye hushika kipaza sauti na kutambulisha jamaa zake. Nikiwa na fedha yangu atanitaja kwa jina na ataniita mkwe wake mbele ya watu wote. Nikiwa sina, basi kuna meza ya maji ya limau inayohitaji mtu wa kumimina.

Duane akasema nina mikono mizuri ya kumimina.

Maribeth alikulia ndani ya klabu hiyo, anajua kila kitu. Nimemwapisha asinifundishe lolote. Nataka nimstahili kwa akili zangu mwenyewe. Alifungua mdomo aniambie uwindaji wenyewe unavyokwenda, nikamziba kwa busu. Busu refu. Nitaimaliza wiki hii nikiwa mtu mwenye jina.

Jumanne, 10 Septemba

Nimepata mashine. Mjane mmoja alikuwa anauza vitu vya marehemu uani kwake. Mpini umezungushiwa utepe wa gundi, na inanguruma kidogo hata ikiwa imezimwa. Mjane alisema mumewe aliipenda sana. Nilipomuuliza alipata nini nayo, alitaja misumari.

Bustanini kabla ya zamu yangu. Nimeshtuka. Sikujua ardhi ina kelele kiasi hiki. Kila nikipunga mashine, inalia. Nachimba, nakuta kile kipete cha kufungulia kopo la bia. Nasogea, inalia, kipete kingine. Inaonekana wakazi wa Wexley, Ohio, wamekunywa bia katika bustani hii kwa vizazi bila kupumzika.

Bibi Opal Hatcher, jirani yetu, alikuwa kwenye benchi lake akiwalisha bata. Akanitazama kitambo kisha akaniita bwana harusi na kuniuliza kama kuna jamaa yangu aliyezikwa humu ndani ninayemtafuta, maana nachimba kama fuko. Akanyanyuka, magoti yakalia, akanionyesha: unakata majani pande tatu, unayafunua kama kifuniko cha sanduku, unachukua chako, unarudisha, unakanyaga. Akasema tukiacha mashimo, wakuu wa mji watatufungia bustani. Nikafukia yote. Machache niliyafukia kwa kusimama juu yake mpaka alipoondoka.

Halafu karibu na jukwaa la bendi, mlio mkali, mtamu. Nikachimba kwa vidole. Nikashika kitu laini. Nikakivuta.

Meno.

Meno manne ya bandia yenye waya. Nikayafuta kwa majani, nikayatia mfukoni.

Jioni nikaona hiyo ni hadithi ya kuchangamsha meza. Nikayatoa mfukoni nikayaweka karibu na viazi. Mzee Everett aliyatazama, akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu. Mama mkwe akaweka uma chini na kumuuliza, kwa upole mkubwa, kama si yeye aliyesema mbwa ndiye aliyeyala. Duane akaondoka mezani akikohoa.

Maribeth anasema yalimruka baba yake alipopiga chafya akihutubia, miaka miwili iliyopita, na kwamba mbwa yule alipelekwa kwa daktari akapigwa picha za tumbo. Maskini mbwa. Lakini nadhani mzee sasa ananiona.

Jumatano, 11 Septemba

Nimefikiri. Masharti ni sarafu ya kale, ya fedha, itoke katika bustani ya mji kwa mkono wangu. Hayasemi iliingiaje.

Nikaenda duka la rehani nikanunua senti kumi ya fedha ya mwaka 1942. Nikaiona inang'aa mno, kama haijawahi kuona udongo. Sarafu ya kale inapaswa kufanana na kale. Nikaichemsha kwenye chai nyeusi, nikaiviringisha kwenye udongo wa chungu cha maua, nikaichemsha tena. Nikaipeleka bustanini, nikaiweka kwenye tundu, nikahesabu pumzi chache, nikaifukua kwa mkono wangu. Huko si kudanganya. Ni kuiharakisha bahati.

Maribeth aliniona nikitoka na sufuria. Akaanza kusema, mpenzi, fedha ikikaa ardhini hai… Nikamkumbusha kiapo. Akaninamia akacheka kwenye bega langu. Ninaweza kuishi miaka mia kwa kicheko hicho peke yake.

Mzee aliipokea sarafu kwa vidole viwili. Hakuvaa hata miwani. Akainusa. Akasema fedha ni madini safi, hukaa ardhini miaka mia ikatoka inang'aa kama ilivyoingia, na kwamba hii yangu imepikwa. Akainusa tena. Akasema chai. Akampa Duane. Duane akainusa, akasema yenye ndimu.

Ilikuwa na ndimu kweli. Sikuwa na chai nyingine nyumbani. Nimeshangaa sana jinsi watu hawa walivyo na pua.

Mzee akanirudishia sarafu yangu bila kukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu kwamba mtu asiyeweza kuisubiri sarafu, atawezaje kumsubiri mke akiwa anavaa. Nikamwambia namsubiri Maribeth kila asubuhi kwa furaha. Mama mkwe akasema hilo ni kweli, amesikia.

Alhamisi, 12 Septemba

Siku ya ajabu kuliko zote. Nilipata bustani nzima imejaa fedha, kisha ikapotea.

Mvua ilinyesha asubuhi, nikavaa buti bora kabisa za dukani kwetu, zile za mafundi, zenye ncha ya chuma. Nikawasha mashine. Ikalia. Nikapiga hatua. Ikalia. Nikaenda kushoto, ikalia, kulia, ikalia, na kila mlio ulikuwa palepale mbele ya vidole vyangu. Nikachimba wa kwanza, sikuona kitu. Nikasema ziko chini zaidi. Nikachimba mfereji. Nikiwa ndani ya mfereji mlio ukawa mkubwa zaidi. Machozi yalinitoka. Nilimwona Maribeth na pete mpya, nyumba mpya, mimi nimesimama mlangoni na jina langu limeandikwa kwenye sanduku la barua.

Ndipo Duane akashuka kwenye gari lake la mizigo. Alikuwa ameegesha barabarani muda wote akila sandwichi. Akaja taratibu na ile mashine yake mpya ya bei mbaya, hedfoni shingoni, akauliza kama nimeshatoboa dunia nikafika China.

Nikamwambia nimegundua mshipa wa fedha.

Akaniuliza nauza nini kazini.

Nikasema viatu.

Akasema, "Sasa wewe bwana, muuza viatu, hizo ulizovaa zimetengenezwa kwa kitu gani?"

Nikatazama chini. Nikavua buti moja, nikaipitishia mashine. Ikaimba kama kwaya.

Ilibidi nifukie mfereji wote nikiwa na soksi, mvua inaendelea. Duane alinishikia koleo mara nilipoteleza, kwa hiyo siwezi kusema hana utu. Lakini mezani alisimulia mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya mama mkwe, aliyekuwa jikoni mara ya kwanza. Mzee Everett alicheka mpaka akayashikilia meno yake kwa kiganja.

Maribeth alinikausha miguu kwa taulo na kuniambia hajali baba yake ananiitaje, yeye ananiita mume wangu na inatosha. Nilimbusu kila kidole. Lakini haitoshi. Nataka watoto wetu siku moja wakikaa meza ile wasiitwe wale wa yule.

Ijumaa, 13 Septemba

Kuna jambo linafichwa.

Mzee na Duane hawakuonekana tangu adhuhuri. Walirudi jioni wakati jua linazama, pamoja na wazee wengine wa klabu, na wote, wote kabisa, walikuwa na udongo magotini. Kucha nyeusi. Wachangamfu. Wanapigana mabega. Mzee alikuwa na ndoo tupu, na aliipeleka gereji mwenyewe, akaifunika.

Halafu mezani akatangaza kwamba mtu yeyote asikanyage uwanja wa chini, ule ulio kati ya jukwaa la bendi na kijito, mpaka kesho saa nne. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Akarudia. Duane akatabasamu kwenye sahani yake.

Usingizi ulinipotea hata kabla sijapanda kitandani. Mtu anakataza mahali ambapo hapana kitu? Kwanza wamepiga magoti mchana kutwa, halafu wanakataza. Ni wazi. Wamegundua fedha uwanja wa chini, nyingi kuliko wanavyoweza kubeba. Kesho saa nne watu kutoka wilaya tatu watashuka pale na mashine zao, na filimbi ikilia, mzee na mwanawe Duane watakuwa wanajua pa kukimbilia, na sisi wengine tutabaki na vipete vya bia.

Nimeshtushwa na baba mkwe wangu. Mtu wa kanisani.

Nilimwambia Maribeth najua kila kitu. Akashika moyo, akasema ashukuriwe Mungu, maana imekuwa ikimtesa wiki nzima kunificha, na kwamba sasa kesho nitafurahi na wengine. Nikamwambia nitafurahi kabla ya wengine. Akasema, "Kabla vipi, mpenzi?" Nikambusu. Akajaribu kuuliza tena. Nikambusu tena. Usingizi ukamchukua akiwa bado ana swali usoni. Hata swali linampendeza.

Jumamosi, 14 Septemba, asubuhi

Mimi ni tajiri.

Nilitoka kukiwa na ukungu, ndege wameanza. Viatu vya raba, hakuna chuma. Uwanja wa chini ulikuwa umelowa umande, hakuna mtu, hata bata walikuwa bado. Nikawasha mashine ya marehemu. Sikupiga hata hatua tatu. Mlio. Safi, mtamu, haujakwaruza. Nikakata majani pande tatu, nikafunua, na hapohapo, chini tu ya mizizi, senti kumi ya fedha. Inang'aa kama ilivyoingia, kama mzee alivyosema.

Nikaibusu. Nikaishika kifuani. Ningeweza kurudi nyumbani wakati ule. Ilikuwa ni moja, na moja ndiyo iliyotakiwa.

Lakini hatua mbili mbele, mlio. Nyingine. Hatua mbili tena, nyingine. Nusu dola! Nikasogea, mlio, mlio, mlio, kwa mstari, kama mtu aliyepanda mahindi. Sikuamini macho yangu. Nilikaa chini nikafikiri kwa akili, kisha nikaelewa. Zamani, tajiri mmoja alipita uwanja huu mfuko wake umetoboka. Mtu mwenye mwendo wa kupimika, labda mwanajeshi. Alikwenda mpaka kijitoni, hakujua, akageuka, akarudi kwa mstari wa pili. Huenda alikuwa na mawazo. Huenda alikuwa anamngoja mwanamke. Nilimhurumia. Alikwenda na kurudi mara nyingi sana maskini, uwanja mzima.

Mfuko ulijaa. Nikavua soksi, nikaijaza. Kila kifuniko cha majani nilikirudisha na kukikanyaga kama alivyonifundisha Bibi Opal. Hakuna atakayejua mtu amepita. Nimejivuna kwa hilo kuliko yote.

Nimefika nyumbani. Maribeth hayupo, ameacha neno kwamba amekwenda kusaidia kupanga vikombe. Soksi nimeifunga kiunoni chini ya shati la harusi.

Mpango: sitamwonyesha mzee kabla ya filimbi. Nitangoja. Wawinde kwanza. Wakikosa wote, mimi nitatokea.

Jumamosi, 14 Septemba, jioni

Sijui nianze wapi.

Watu walikuja. Magari yalijaa mpaka barabara ya kanisa. Vikongwe wenye kofia za jeshi, wanandoa wenye fulana za kufanana, mama mmoja mwenye magongo na mashine imefungwa kwenye gongo. Mzee Everett alipanda jukwaa la bendi na kipaza sauti, akawatambulisha mama mkwe, binti zake, na mwanawe Duane. Kisha akanitafuta kwa macho pale kwenye meza ya maji ya limau. Akauliza mbele ya wote kama yule wa Maribeth ana chochote. Nikamwambia, "Bado, Baba. Ngoja kidogo." Watu wakacheka. Nikacheka nao, soksi inanichoma mbavu.

Filimbi ikalia.

Uwanja mzima ukasogea kwa pamoja, mashine zinapungia majani kulia kushoto. Nikangoja. Maribeth alikuwa katikati, hedfoni masikioni, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama anapopima unga. Nilitaka kumkimbilia.

Hakuna aliyepiga goti.

Muda ukapita. Hakuna goti hata moja. Mzee mmoja akavua hedfoni akaipiga kofi. Jamaa mwenye fulana akabadilisha betri, mkewe akambadilishia tena. Yule mama wa magongo akasimama akatazama mbingu. Kisha sauti ikatoka katikati ikiuliza, enyi watu wa Wexley, mmetuitia nini?

Rangi ilimtoka baba mkwe wangu. Alishuka jukwaani, akamnyang'anya Duane mashine yake ya bei mbaya, akapita nayo mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, anakimbia sasa. Hakuna. Akamgeukia Duane akamuuliza alizifukia wapi. Duane akasema walikuwa pamoja, Baba, bega kwa bega. Mzee akamwambia asimwite Baba.

Hilo nililisikia kwa masikio yangu. Nikaona saa yangu imefika.

Nikatembea polepole. Nikafungua shati. Nikamwaga soksi mezani, kati ya vikombe. Zilibiringika, zikaingia kwenye maji ya limau, zikaanguka majanini, zinang'aa zote. Nikasema, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi, "Baba, ulitaka moja."

Hakuna aliyepiga makofi.

Bibi Opal Hatcher ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. "Bwana harusi, hizo zimefukiwa jana. Baba mkwe wako na Duane walipiga magoti mchana kutwa. Klabu hununua sarafu za kale mwaka mzima, inazifukia juujuu, halafu watu wanakuja kuzitafuta. Ndiyo mchezo wenyewe. Ndiyo uwindaji."

Yule tajiri mwenye mfuko uliotoboka alikuwa baba mkwe wangu.

Wakaanza. Mmoja akasema nitupwe kijitoni. Mwingine akauliza kama mimi ndiye niliyechemsha fedha kwenye chai, kumbe habari zilishafika wilaya ya tatu. Jamaa wa fulana akasema ameendesha gari tangu alfajiri ili aje kunitazama nimwage soksi yenye jasho kwenye kinywaji chake. Mzee Everett alipanda jukwaani. Alishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Mabibi na mabwana," akasema, "huyu ni mkwe wangu. Anaitwa Orrin Tuttle. Mtazameni vizuri, mumkumbuke."

Mkwe wangu. Orrin Tuttle. Kwa pumzi moja, kwenye spika nne. Nilimtazama Maribeth kuona kama amesikia.

Alikuwa analia. Au anacheka, kwake vinafanana. Akavua hedfoni, akapita katikati ya watu wote wale, akasimama kando yangu, akawaambia kosa ni lake, yeye aliapa asinifundishe na alipaswa kuvunja kiapo. Mtu akauliza kwa nini hakukivunja. Akasema kila akifungua mdomo anabusiwa. Mama wa magongo akasema marehemu mume wake hakuwahi kumkatiza namna hiyo hata mara moja. Hapo mtu akacheka, halafu mwingine.

Basi ikaamuliwa uwindaji urudiwe saa nane. Watu wote waligeukia kijito wakala mahindi ya kuchemsha migongo ikiwa kwetu, na sisi tukazifukia upya, mimi na Maribeth na mzee na Duane, tumepiga magoti kwenye mstari mmoja. Mzee alinipa sarafu moja moja kutoka kwenye ndoo kama mtu anayempa mgonjwa vidonge. Kila niliyoifukia Maribeth aliifunika kwa kiganja chake juu ya changu. Udongo ulikuwa wa vuguvugu. Katika ndoa yetu yote haijatokea siku nzuri zaidi, na nilimwambia hivyo. Mzee akasema nifukie nisiongee.

Filimbi ya pili ilipolia, magoti yalishuka uwanja mzima. Mimi nilimimina maji ya limau mapya.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani watu walinitazama vizuri. Wamenikumbuka.

Chakula cha mchana, kuku. Nilikaa wima, nikangoja. Mzee Everett akamwambia mama mkwe ampe chumvi yule wa Maribeth.

Nilishtuka kiasi cha kuangusha chumvi ilipofika. Nikamkumbusha kuhusu jana, kuhusu kipaza sauti. Akasema ya jana yalikuwa tahadhari kwa umma. Fedha niliyoifukua ilishafukuliwa na mtu mwingine na kununuliwa na klabu, kwa hiyo si yangu. Masharti ni yaleyale. Moja, ya kale, kwa mkono wangu, ambayo ardhi yenyewe ndiyo iliyoihifadhi. Duane naye ameshushwa kidogo, leo alipewa siagi bila kuitwa chochote, lakini nusu dola yake bado iko juu ya televisheni.

Usiku tulipokuwa tunapanda ngazi, Maribeth alinishika uso kwa mikono miwili. Akakivunja kiapo chake cha zamani na kunipa mimi kipya: kabla sijachimba mahali popote, niulize kwanza. Nimeapa mkono juu ya moyo wake. Moyo wake unapiga upande wa kushoto kabisa, karibu na kwapa. Sikujua. Kila siku najifunza kitu.

Jumatatu, 16 Septemba

Wiki nne za ndoa! Niko nyumbani, zamu yangu ni ya mchana. Na nimeona jambo.

Asubuhi watu wa kampuni ya gesi walikuja kwa Bibi Opal na vizibao vyao vya rangi ya chungwa. Wakapiga mstari wa rangi ya njano juu ya majani yake, kutoka barabarani mpaka ukutani. Nilikuwa dirishani, nikasikia kila neno. Walimwambia kwenye mstari ule hakuna kuchimba, si kwa koleo, si kwa kijiko.

Watu wa gesi. Majani yanawahusu nini?

Walipoondoka nilipitisha mashine kupitia uzio, kujaribu tu. Nilikaribia kuiangusha. Haikulia mara moja na kunyamaza kama kwa sarafu. Ililia bila kukata, mlio mmoja mrefu, kutoka barabarani mpaka ukutani. Hakuna sarafu moja inayoweza kulia hivyo. Ni nyingi, zimepangwa zikagusana, na nyumba ya Bibi Opal ni ya zaidi ya miaka mia, tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hii hapa ndiyo fedha ambayo hakuna mwenyekiti aliyeifukia.

Nimekumbuka kiapo. Nilikwenda mlangoni kwa Bibi Opal nikauliza kama naweza kuchimba. Amekwenda kulisha bata. Nikauliza tena, kwa sauti zaidi. Hakuna aliyekataa.

Nimekata majani pande tatu, vizuri sana, angejivunia. Nimefika magotini na nimeketi kidogo kupumzika na kuandika haya, maana kichwa kinaniuma. Koleo limegusa chuma. Nimegonga mara kadhaa, nacho kimeanza kufunguka, na kutoka ndani inakuja harufu kali, kama ya mayai yaliyooza, ileile ya jikoni jiko likiachwa wazi kabla ya kuwashwa. Sanduku lililofungwa miaka yote hiyo lazima linuke. Leo mezani nitakaa karibu na mzee, ili akitamka jina langu Maribeth alione likitoka mdomoni mwake.